Kadi 40 za mbwa zilizomfunza binti yangu vivumishi

Mwaka wa saba huu nabeba mizigo kwa pikipiki hapa Nairobi. Kazi hii imenifikisha kwenye mageti ya Lavington, Kileleshwa, Loresho, Runda na Karen, na mengi kati ya hayo yana kibao kile kile, maandishi mekundu, pengine na kichwa cha mbwa kilichochorwa pembeni: MBWA KALI. Naanza na kibao hicho kwa sababu bila hicho nisingezinunua kadi ninazotaka kuwaeleza.

Miaka miwili iliyopita nilipeleka kifurushi kwenye nyumba moja yenye kibao hicho. Nilichungulia kwenye upenyo wa geti nikaona mbwa mmoja mkubwa wa rangi ya mchanga, amefungwa mnyororo kwenye mti wa parachichi. Nikatulia. Nilipofunguliwa nikaingia, hatua tatu hivi, na mbwa wa pili akatoka nyuma ya tangi la maji. Alikuwa mfupi, mweusi, wala hakubweka. Akanidaka shavu la mguu. Niliosha jeraha kwa sabuni na maji ya bomba dakika 15 nzima, kama inavyotakiwa kwa anayeumwa na mbwa, kisha nikaenda kuchomwa sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa, nikarudi tena na tena mpaka dozi ikakamilika. Ugonjwa ule dalili zikishatokea, kupona ni nadra mno, kwa hivyo sikukosa hata siku moja.

Nikiwa pale bombani ndipo lilipoanza kunisumbua lile neno. "Mbwa" halibadiliki. Mbwa mmoja, mbwa kumi, ni mbwa tu. Idadi inasemwa na kivumishi: mbwa mkali ni mmoja, mbwa wakali ni zaidi ya mmoja. "Mbwa kali" haisemi lolote. Lau kibao kile kingeandikwa "mbwa wakali", ningemtafuta wa pili kabla ya kutia mguu ndani.

Basi nyumbani kwangu kosa lilikuwa lile lile. Mimi ni mtu wa Mtwapa, kule pwani, lakini binti yangu amezaliwa na kukulia Kawangware, hapa Nairobi, na Kiswahili chake ni cha huku. Yuko Gredi ya Nne. Siku moja alikuwa akiongea na nyanya yake kwa simu, akamsimulia habari za "mbwa kubwa ingine" iliyoingia shuleni. Nyanya akamkatiza: "Mjukuu wangu, kwani mbwa ni gari, hata awe kubwa?" Mtoto alinyamaza, na baada ya hapo akawa anajibu simu ya nyanya kwa "ndiyo" na "hapana" tu. Hilo liliniuma kuliko lile kosa lenyewe. Mtoto akiona aibu kusema na nyanya yake, hasara ni kubwa.

Kadi nilizipata mwezi wa saba, wiki ile ya Siku ya Kiswahili Duniani, inayoadhimishwa tarehe 7 Julai. Nilikuwa nimepeleka mzigo karibu na Tom Mboya Street, nikaliona boksi dirishani kwenye duka la vitabu. Boksi la samawati, juu lina picha ya mbwa mweusi aliyeinamisha kichwa kama anayeuliza kitu. Shilingi 850. Ndani mna kadi 40 na kijitabu cha kurasa 12. Nililipa kwa M-Pesa, nikaliweka chini ya kiti cha pikipiki.

Upande wa mbele wa kila kadi una picha ya mbwa, na chini yake kisa kifupi cha sentensi tatu au nne. Sentensi ya mwisho ina pengo. Unapewa vivumishi vitatu, na mtoto anachagua kwa kufuata kilichotokea kwenye kisa. Hakuna mahali anapoambiwa neno fulani maana yake ni hii. Anaifikia mwenyewe. Nyuma ya kadi kuna jibu, na chini ya jibu kuna swali dogo: "Wangekuwa wawili?"

Nitawaonyesha kadi moja, ya 17. Picha ni ya mbwa mwembamba, mbavu zinahesabika. Kisa kinasema: Bosi aliokota mfupa. Mbwa wawili wakaja. Bosi akauacha mfupa, akafyata mkia, akaenda kulala chini ya lori. Bosi ni mbwa gani? Mlafi, mjeuri au mnyonge?

Hilo neno "mnyonge" lilikuwa kwenye daftari la binti yangu tangu muhula wa kwanza. Alikuwa amelikariri: mnyonge, dhaifu. Nilipomuuliza, lilikuwa limeshatoka kichwani. Sasa akasoma kisa mara tatu, kidole kikifuata mistari. Akasema, "Mlafi hawezi kuacha mfupa. Mjeuri angepigana. Kwa hivyo ni huyu." Akageuza kadi, akacheka kwa furaha. Halafu akauliza swali ambalo daftari halingemfikisha kwake: "Baba, mnyonge ndiyo mwoga?"

Ilinibidi nifikiri. Nikamwambia mwoga huogopa hata pasipo na cha kuogopwa, lakini mnyonge hana nguvu na hana wa kumtetea. Akatazama picha tena, akasema darasani mwao kuna mvulana mnyonge, huwa ananyang'anywa kalamu. Tangu usiku ule neno hilo halijampotea. Nadhani ni kwa sababu sasa lina uso.

Mbwa wamechaguliwa vizuri kwa kazi hii. Nilishangaa kwanza, maana kwetu pwani nyumba nyingi hazifugi mbwa, na mimi mwenyewe nilikuwa na kinyongo changu. Lakini mbwa ana tabia ambazo mtoto huziona waziwazi: mpole, mkali, mvivu, mchangamfu, mwaminifu, mkaidi, mjanja. Huwezi kumwonyesha mtoto ng'ombe mkaidi hapa Kawangware, ila mbwa mkaidi yuko mlangoni pa bucha, anafukuzwa na anarudi.

Na kuna jambo jingine ambalo waliotunga kadi hizi wamelitumia kwa ustadi. Mbwa mmoja ana ngeli nyingi mwilini mwake. Mwenyewe yuko A-WA: mbwa mrefu, mbwa warefu. Lakini mkia wake ni U-I, mkia mrefu, mikia mirefu. Sikio ni LI-YA, sikio refu, masikio marefu. Kichwa ni KI-VI, kichwa kirefu. Pua ni I-ZI, pua ndefu. Ulimi ni U-ZI, ulimi mrefu, ndimi ndefu. Kadi ya 26 imemchora mbwa amesimama ubavu, na mistari inatoka kwenye kila kiungo kwenda kwenye pengo lake. Shina ni moja tu kwenye kadi nzima, -refu, na mtoto analivisha nguo za ngeli sita. Vitabu vyetu vingi vinafundisha ngeli moja leo, nyingine wiki ijayo, na mtoto hazioni zikikaa pamoja. Hapa zimekaa kwa mnyama mmoja. Kama ningeambiwa nichague kadi moja tu katika boksi zima, ningeichukua hiyo.

Zile za ukubwa na udogo pia ni tamu. Mbwa mweusi akidogoshwa anakuwa kijibwa cheusi, akikuzwa anakuwa jibwa jeusi. Mweusi, cheusi, jeusi. Binti yangu alizunguka nyumba nzima akizisema hizo tatu kwa mdundo, mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa kasoro, na baadhi si ndogo.

Kadi ya 9 imeandikwa "mbwa nyeusi". Si kwenye machaguo, bali kwenye jibu lenyewe, upande wa nyuma. Pua nyeusi ni sawa, mbwa nyeusi si sawa. Kosa hilo katika bidhaa iliyotengenezwa kufundisha jambo hilo hilo ni zito, kwa sababu mtoto huiamini kadi kuliko anavyomwamini mzazi. Wangu aliliona, akaja kuniuliza, "Baba, wamekosea wao au nimekosea mimi?" Alikuwa ameshafika kadi ya 30, akarudia za mwanzo. Angelikutana nalo siku ya kwanza angelimeza. Nilipiga simu kwenye nambari iliyo chini ya boksi. Aliyepokea alinisikiliza kwa adabu, akasema litasahihishwa watakapochapisha tena. Ukinunua leo, shika kalamu ufute "nyeusi", uandike "mweusi" kabla mtoto hajaifikia.

Kasoro ya pili ni kwamba kijitabu hakigusi kabisa vivumishi visivyochukua kiambishi. Hodari, ghali, safi, laini. Kadi ziko, lakini hakuna anayemwambia mtoto kwamba maneno haya hayabadiliki. Kwa hivyo mtoto aliyefundishwa vizuri na kadi 30 za kwanza anafika pale na kusema "manyoya malaini" na "mbwa mghali". Amefuata kanuni aliyopewa, na kanuni imemwangusha. Ukurasa mmoja tu ungetosha.

Karatasi ni nyembamba. Wiki ya pili kadi ya mwanzo ilikuwa na mkunjo na doa la chai. Nilizipeleka saiba, duka la kompyuta, zikatiwa laminesheni kwa shilingi 20 kila moja, jumla shilingi 800. Kwa hivyo gharama halisi kwangu ni shilingi 1,650, na nawashauri mjipange hivyo. Bado naona inafaa.

Na picha. Kuna German Shepherd, Dalmatian, Poodle aliyenyolewa kwa mapambo, mbwa wa kila aina. Mbwa koko nimehesabu watatu tu katika kadi 40, na wawili kati yao ndio mnyonge na mchafu. Hilo silipendi. Mbwa koko wa bucha letu ni mchangamfu, mwerevu, anajua saa ya kufungua na anawajua watoto wote wa ploti kwa harufu. Mtoto wa Kawangware akiona sifa nzuri zote zimekwenda kwa mbwa wa ng'ambo, atajifunza kitu ambacho hakikuandikwa kwenye kadi.

Ndiyo maana Jumapili moja nilimchukua tukaenda msitu wa Karura. Pale mbwa wanaruhusiwa mradi wafungwe mshipi, na siku za Jumapili wanapita wa kila rangi na kimo. Tukakaa kwenye gogo kando ya njia, kadi mfukoni, tukaanza. Mbwa mnene mwenye miguu mifupi. Mbwa wawili weupe, wembamba, wenye masikio marefu. Hapo akakosea, akasema "mwembamba", akajirekebisha kabla sijafungua mdomo. Mbwa wa kahawia mwenye pua nyeusi. Wapita njia wakawa wanatabasamu. Bwana mmoja akasimamisha mbwa wake makusudi asifiwe.

Kisha akaja mama mmoja mzee, anatembea polepole na mbwa aliyezeeka pia. Macho ya yule mbwa yalikuwa yamefunga utando mweupe. "Ni kipofu," mama akatuambia, "lakini njia hii anaijua kuliko mimi." Binti yangu akaniangalia, nikamwashiria aombe kwanza. Akaomba, "Shikamoo nyanya, naweza kumgusa?" Mama akaitikia marahaba, akamwambia anyooshe mkono anuswe kwanza. Mbwa akaleta pua kwenye kiganja chake, akakaa nayo hapo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, mguu wangu ulioumwa umekaza wenyewe. Hakuna kilichotokea. Binti akasema kwa sauti ya chini kwamba pua ni baridi.

Jioni tulimpigia simu nyanya yake. Safari hii alisimulia kwa dakika nyingi, mbwa mmoja mmoja, na sikusikia akikatizwa. Mwishoni akasoma methali iliyo ukurasa wa nyuma wa kijitabu, "Mbwa wa msasi mkali", na kabla hajamaliza nyanya akamalizia upande wa pili, "ni mkali pia!" Wakacheka wote wawili.

Nani anunue? Mwenye mtoto wa Gredi ya Tatu mpaka ya Tano, anayeishi Nairobi, na aliye tayari kukaa naye chini robo saa kila jioni. Mtoto akiachiwa boksi peke yake atatazama picha tu, kwa sababu kazi iko kwenye mazungumzo baada ya jibu. Mtu mzima anayejifunza Kiswahili zitamfaa pia. Jirani yangu anayetoka Kongo huja kuziazima.

Boksi letu sasa lina kadi 41. Ya mwisho ameitengeneza mwenyewe kwa kipande cha katoni, mbwa amechorwa kwa kalamu ya risasi, macho hayana mboni. Chini yake ameandika: Mbwa huyu haoni. Anaijua njia kwa pua. Nilipomgusa hakubweka, alikaa. Mbwa huyu ni, kisha pengo. Nilimpa mpole, nikampa mtulivu, nikampa mwema. Amekataa yote matatu. Anasema neno lenyewe lipo, bado analitafuta.