Vinili kwenye bafu letu hapa Goma: uzoefu wangu

Makaro ya bafu letu yalipasuka Mei 2021. Volkano ya Nyiragongo ililipuka Jumamosi jioni, tarehe 22, na siku zilizofuata ardhi ikawa inatikisika usiku na mchana. Tarehe 27 tulipokimbilia mji wa Sake, makaro yalikuwa bado mazima. Tuliporudi tulikuta ufa umetoka mlangoni mpaka kwenye choo, umepita katikati ya makaro sita. Tuliishi hivyo muda mrefu, hadi siku mama mkwe wangu alipokatwa unyayo na ncha ya karo akienda kuoga. Siku ile niliamua sakafu itabadilishwa.

Fundi wetu wa makaro alitaka kuweka mapya. Mimi nilikataa. Karo imegandishwa kwenye simenti, na simenti ikipasuka, karo nayo inapasuka. Nyumba yetu imesimama juu ya mawe ya volkano ya 2002, na mitikiso hapa hakuna anayeweza kuahidi kwamba imekwisha. Vinili ya vipande, ile ambayo wauzaji wengi wanaiita parike ya plastiki, haigandishwi chini. Vipande vinashikana vyenyewe, ulimi wa kimoja ukiingia kwenye mfereji wa kingine, halafu sakafu yote inalala juu ya simenti kama mkeka.

Kwenye maduka ya Birere, hapa hapa mjini, nilikuta aina mbili. Kuna nyembamba ya milimita 2, ya kubandika kwa gundi, na kuna ngumu ya milimita 5 yenye ulimi. Ile nyembamba ni rahisi kwa bei, ila inaonyesha kila kivimbe kilicho chini yake, na unyevu ukipanda kutoka kwenye simenti gundi inaachia. Nilichagua ngumu. Muuzaji alinipa kipande kilichovunjika: ndani ni kijivu, ukikwangua unatoka unga kama wa chaki. Ni unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa na plastiki, hakuna ubao hata kidogo. Nilikiloweka kwenye beseni siku tatu na hakikuvimba. Uliza pia unene wa ngozi ya juu, ile inayobeba mikwaruzo. Yetu ni ya milimita 0.3. Leo ningelipa zaidi nipate ya 0.5, kwa sababu mchanga mweusi wa hapa unaoingia na viatu unakwaruza kama msasa.

Bafu lina mita 2.3 kwa 2. Hapa ndipo ninaomba msomaji anisikilize vizuri. Sisi tunaoga kwa beseni, maji yanamwagwa chini yanaelekea kwenye tundu. Vinili haifai mahali pa namna hiyo. Kipande chenyewe hakipitishi maji, muuzaji hakudanganya, lakini maji yanapita kwenye viungo na pembeni, yanaingia chini na hayana pa kutokea. Tena sakafu yenye mteremko wa kwenda kwenye tundu hairuhusu ulimi kukaa sawa. Kwa hiyo kona ya kuogea, sentimita 80 kwa 90, tuliirudishia makaro, tukaizungushia kizingiti cha simenti kinachofika juu ya kifundo cha mguu. Vinili ikabaki kwa sehemu ya choo na ya kunawia, karibu mita 3.9 za mraba. Nilinunua boksi mbili za vipande kumi kumi, kila kipande sentimita 18 kwa 122, jumla mita 4.4 hivi. Hiyo ya ziada ni ya ukataji na ya akiba. Kila boksi ni zaidi ya kilo 20, zikaja nyumbani kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo.

Boksi zililala chumbani siku mbili ili vipande vizoee hali ya hewa ya nyumba. Wakati huo fundi alipita sakafu nzima akigonga makaro ya zamani kwa mpini wa nyundo. Yaliyolia tupu aliyang'oa, yaliyolia mazito aliyaacha, mashimo akayajaza simenti na kulaza ubao wa mita 2 ulionyooka juu yake. Palipobaki nafasi ya zaidi ya milimita 3 chini ya ubao alirudia tena. Kazi hiyo pamoja na kungoja ikauke ilitumaliza wiki moja. Kutandika kwenyewe kulikuwa kwa siku moja: unachora kwa kisu cha wembe mara tatu, unakunja, kipande kinakatika kwa mlio mkavu. Mguu wa choo tuliukatia kwanza kielelezo cha kartoni. Mlango ulianza kukwama, ukapigwa randa chini.

Miezi mitatu baadaye nikaanza kusikia harufu ya udongo uliolowa karibu na choo. Nikikanyaga pale, maji madogo yanachungulia kwenye kiungo. Tulifungua mstari kwa mstari kutoka ukutani na tukakuta simenti imelowa, ukungu mweusi umetanda kama sahani mbili. Sababu ilikuwa pembeni. Fundi alikuwa ameacha nafasi ya milimita 6 kando ya ukuta, kama inavyotakiwa ili sakafu ipate pa kutanukia, lakini akaiziba kwa simenti nyeupe ya makaro, kwa mazoea ya kazi yake. Sakafu inayolala bila gundi inasogea kidogo kidogo, simenti ile ikapasuka nyuzi nyuzi, na maji ya kusafishia choo yakapata njia. Niliumia, kwa sababu mimi nilikuwepo na nilimwona akiziba.

Tuliosha kwa maji ya javeli, yaani dawa ya klorini, tukaacha wazi siku tano madirisha yakiwa wazi, kisha nikabandika karatasi ya plastiki juu ya simenti na kuifunga kingo zake kwa utepe usiku kucha na mchana wake, nione kama unyevu bado unapanda. Haikutoa jasho, tukarudisha vipande vilevile. Ulimi mmoja tu ndio uliovunjika. Karo huwezi kuing'oa ukairudisha. Safari hii pembeni kote, kuzunguka choo na chini ya mlango, tulijaza silikoni ya bafuni, ile inayobaki laini kama mpira. Chupa mbili zilitosha. Harufu haijarudi, na mitikiso midogo iliyopita tangu hapo haijaacha ufa.

Asubuhi vinili haina ule ubaridi wa karo, na mama mkwe anaingia bila ndala. Kwa mtu wa umri wake, katika mji ulio juu hivi, hilo kwangu lina uzito kuliko sura yake, ingawa sura pia naipenda. Ikilowa lakini inateleza kama sakafu yoyote, kwa hiyo tambara la kufutia linakaa pale pale kwenye kizingiti.

Kosa moja lililobaki ni langu. Niliweka mbele ya choo kapeti dogo lenye mpira chini. Baada ya miezi michache nililiinua nikakuta doa la njano lenye umbo lake kamili. Mpira ule ndio unaobadilisha rangi ya vinili, na doa hilo halitoki kwa sabuni wala kwa javeli. Sasa naweka kitambaa cha pamba, na vipande viwili vizima vilivyobaki nimevilaza chini ya kitanda kwa siku nitakayoamua kubadilisha mahali pale.