Wahuni wa Star Wars: katuni zipi ununue kwanza

Kama pesa uliyonayo inatosha kitabu kimoja tu cha katuni za Star Wars, zile hadithi za vita vya angani zilizotokana na filamu, nunua Lando ya mwaka 2015. Hadithi inaanza na kuisha ndani ya kitabu hichohicho, haikulazimishi kutafuta kingine, na katika katuni zote za Star Wars nilizosoma tangu wachapishaji Marvel waanze kuzitoa upya mwaka huo, sijakutana na nyingine inayomwelewa mtu mjanja kwa undani kiasi hicho. Haya mengine ni kwa mwenye nafasi ya kununua zaidi, anayemtafutia mtoto zawadi, au aliyemaliza Lando akabaki na kiu.

Ninaowazungumzia ni akina Han Solo, mpiga magendo mwenye deni kwa Jabba, bosi wa wahalifu, na Lando Calrissian, mcheza kamari mwenye ulimi mtamu. Hawana upanga wa mwanga wala ukoo mtukufu. Wanaishi kwa akili na maneno, wanajua bei ya kila kitu, na wema huwatoka kwa shida, tena wakati mlango wa kukimbilia bado uko wazi. Kipimo nilichotumia kupanga vitabu hivi ni kimoja: je, ujanja wao unawagharimu? Mwandishi mvivu humfanya Han kuwa mcheshi anayeshinda kila mara, na ukifunga kitabu hakuna kilichobaki kichwani. Mwandishi mzuri humdai, na humdai pale anapoumia, yaani kwa rafiki yake.

Kabla ya kutoa pesa, jua kwanza historia fupi ya mambo haya, maana inaamua unachokiona dukani. Marvel walianza kuchapisha katuni za Star Wars mwaka 1977, wiki chache kabla filamu ya kwanza haijaingia kwenye sinema mwezi Mei, wakaendelea hadi 1986. Kuanzia 1991 wachapishaji wengine, Dark Horse, walishika kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Disney walikuwa wameinunua Marvel mwaka 2009, na walipoinunua na Lucasfilm, wenye Star Wars, mwaka 2012, Marvel kurudishiwa kazi hiyo lilikuwa suala la muda tu. Januari 2015 Marvel walirudi na toleo la kwanza ambalo maduka yaliliagiza kwa nakala zinazokaribia milioni moja. Hadithi nyingi za kabla ya hapo sasa huchapishwa zikiwa na neno Legends kwenye jalada, na hazihesabiwi katika mtiririko wa sasa. Si kasoro. Ila ukichanganya za Legends na za sasa bila kujua, utamkuta Han ana maisha mawili yasiyopatana, utadhani kuna kurasa zimepotea.

Nafasi ya kwanza: Lando (2015)

Mwandishi ni Charles Soule, mchoraji Alex Maleev, rangi za Paul Mounts. Matoleo matano, yaani vijitabu vya kurasa kama ishirini, yamekusanywa katika kitabu kimoja cha jalada laini.

Lando ana deni. Anapewa njia ya kulifuta: aibe chombo cha kifahari, cha tajiri fulani wa Himaya, utawala wa kidikteta wa galaksi. Anawakusanya watu wake, akiwemo Lobot, rafiki yake wa siku nyingi mwenye mitambo iliyopandikizwa kichwani. Wanakiiba kwa ustadi mkubwa, kisha wanagundua mwenye mali ni Kaizari Palpatine mwenyewe, na kwamba kuna chumba humo ndani ambacho hakikupaswa kufunguliwa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na kitabu hiki kinawafikisha ukingoni mapema, kikawaacha hapo na giza lao kwa kurasa nyingi.

Nguvu yake iko kwa Lobot. Kwenye filamu ya The Empire Strikes Back ya mwaka 1980 anapita tu nyuma ya Lando, hasemi neno. Soule anampa sauti. Anamwonyesha akipigana kila saa na ile mitambo inayotaka kummeza akili, huku akiendelea kumfuata rafiki anayemwahidi kwamba hii ndiyo kazi ya mwisho. Unajua alipoishia, kwa sababu filamu umeiona, na bado unageuza kurasa ukitumaini mambo yatakwenda vingine. Maleev anachora nyuso zenye vivuli vizito, watu waliochoka, na Mounts anamwaga nyekundu pale tu inapotisha. Ukimaliza, ule ukimya wa Lobot kwenye filamu hutauona tena kwa macho uliyokuwa nayo.

Kiingereza chake ni chepesi. Kijana wa sekondari atakisoma bila kamusi.

Nafasi ya pili: Doctor Aphra (2016 hadi 2019)

Huyu hakutoka kwenye filamu. Alizaliwa kwenye kurasa za katuni, toleo la tatu la mfululizo wa Darth Vader wa mwaka 2015, mikononi mwa Kieron Gillen na mchoraji Salvador Larroca. Ni mwanaakiolojia anayeiba vitu vya kale na kufufua silaha zilizofungiwa kwa sababu nzuri, mwanamke mwenye akili kali na dhamiri inayochelewa kuamka. Wasomaji walimpenda kiasi kwamba mwaka uliofuata alipata mfululizo wake mwenyewe, uliofika matoleo 40: Gillen alianza, Si Spurrier akapokea na kumalizia. Kev Walker, aliyechora matoleo ya mwanzo, anajua kuchora fujo. Vyumba vyake vimejaa vitu na uso wa Aphra hautulii.

Aphra ni mhuni kupita Han. Han tunajua mwisho wake atarudi kusaidia. Kwa Aphra hujui, na yeye mwenyewe hajui. Anawasaliti wanaompenda, anajuta kwa dhati, kisha anawasaliti tena. Waandishi hawamsamehei kwa urahisi, na hapo ndipo mfululizo huu unapopata uzito. Anaandamana na Black Krrsantan, Wookiee (jitu lenye manyoya) anayemdai, na roboti wawili: Triple Zero, mwenye adabu za mhudumu na mapenzi ya kutesa watu, na BT-1 ambaye kazi yake ni kuua. Kwa sababu ya hao wawili, kitabu hiki simnunulii mtoto wa darasa la nne.

Mbona basi hakikushika nafasi ya kwanza? Kwa sababu ya pesa na mpangilio. Mfululizo umegawanywa katika juzuu saba. Juzuu la kwanza, linaloitwa Aphra, lina matoleo 1 hadi 6, na linasimama vizuri peke yake: Aphra na baba yake, wasiopatana, wanatafuta mabaki ya madhehebu ya kale. La pili linaanzia toleo la 9. Ya 7 na 8 yako kwenye kitabu kingine, The Screaming Citadel, kwa kuwa hadithi hiyo iliandikwa pamoja na mfululizo mkuu wa Star Wars. Usipojua hilo utafikiri umeuziwa kitabu pungufu. Nunua juzuu la kwanza, ulipime. Likikunasa, chukua The Screaming Citadel kabla ya la pili. Ukishakuwa na uhakika, kuna Omnibus, kitabu kinene cha jalada gumu kinachokusanya matoleo mengi kwa pamoja, lakini bei yake huanzia dola 100 kwenda juu na uzito wake si wa kubeba kwenye daladala.

Mfululizo wa pili wa Aphra ulianza 2020, ukaandikwa na Alyssa Wong, ukafika nao matoleo 40. Ni mzuri. Uache mpaka umalize wa kwanza.

Nafasi ya tatu: Han Solo (2016)

Marjorie Liu ameandika, Mark Brooks amechora, matoleo matano. Leia, kiongozi wa waasi wanaopigana na Himaya, anahitaji kuwatoa majasusi wao waliokwama kwenye sayari kadhaa, na kuna mashindano ya vyombo yanayopita kwenye sayari hizohizo, Dragon Void. Han ataingia mashindanoni kama kisingizio. Tatizo ni kwamba mashindano hayo Han ameyaota tangu zamani, na anataka kushinda kweli.

Hilo ndilo swali zuri la kumwuliza mtu kama Han: ukipewa heshima uliyoitamani maisha yako yote na watu wanaokusubiri wakuokolee, vyote kwa saa moja, unashika usukani kuelekea wapi? Liu anamweka pembeni yake Loo Re Anno, rubani mzee aliyekwisha kushinda kila kitu, ambaye anarusha chombo kwa sababu nyingine kabisa, na kurasa zao mbili wanapozungumza ndizo bora za kitabu. Kuhusu michoro, sijui katuni nyingine ya Star Wars ambamo Millennium Falcon, chombo cha Han, imechorwa ikiwa hai namna hii. Sehemu ya katikati, abiria wanaposhukiana ndani ya chombo, imelegea kidogo. Kwa macho, hiki ni kitabu cha kwanza. Kwa hadithi ni cha tatu.

Vinavyofuata

Showdown on the Smuggler's Moon, juzuu la pili la mfululizo mkuu wa 2015, kimeandikwa na Jason Aaron na kuchorwa na Stuart Immonen. Luke, kijana shujaa wa filamu za kwanza, amekwama kwa Hutt (wa jamii ya Jabba) anayekusanya vitu vya Jedi, mashujaa wa upanga wa mwanga, Han na Leia wako mbali, na anatokea Sana Starros anayedai ni mke wa Han. Ukweli wa dai hilo ni wa kuusoma mwenyewe. Sura ya kwanza ya juzuu inamhusu Obi-Wan, Jedi wa zamani, na haina uhusiano na hayo, usishangae.

Han Solo & Chewbacca ya Marc Guggenheim na David Messina, iliyoanza 2022, inaturudisha kabla ya filamu ya kwanza. Jabba anawatuma Han, mwenzake Chewbacca (naye Wookiee) na mwindaji Greedo wakaibe kitu kimoja, na njiani Han anakutana na mzee anayejitambulisha kuwa baba yake. Wazo zuri sana, na uhusiano na Greedo unafurahisha kwa anayekumbuka watakavyokuja kukutana mezani kwenye filamu ya kwanza. Ila ni matoleo kumi katika juzuu mbili, na la kwanza halimalizi chochote.

Kwa waliopenda filamu ya Solo ya 2018 ziko mbili za mwaka huohuo. Lando: Double or Nothing ya Rodney Barnes na Paolo Villanelli ina L3-37, roboti mwenza wa Lando, na ucheshi mwingi, inasomeka mara moja ikaisha. Imperial Cadet ya Robbie Thompson na Leonard Kirk inaeleza Han alivyokuwa kuruta wa Himaya. Zote mbili hazimdai mtu chochote kikubwa, ndiyo maana ziko chini huku.

Kwa mtoto, nunua Chewbacca ya 2015, ya Gerry Duggan na Phil Noto. Chewbacca ameanguka na chombo kibovu kwenye sayari ambako watu wanatumikishwa mgodini, na binti mdogo anayeitwa Zarro anamwomba msaada. Maneno ya Chewbacca hayatafsiriwi hata mara moja. Mtoto anamwelewa kwa mikono na macho yake, na Noto amechora mikono na macho hayo kwa upendo. Hata asiyejua Kiingereza vizuri ataifuata.

Usianzie na War of the Bounty Hunters ya 2021. Jalada linavutia, Boba Fett, mwindaji wa watu kwa malipo, amepoteza mwili wa Han uliogandishwa na kila mhalifu wa galaksi anautaka, lakini hadithi imetawanyika kwenye mifululizo minne zaidi ya kitabu chenyewe. Kitabu kikuu peke yake kinaruka matukio, na kukamilisha yote ni gharama ya kununua orodha yangu nzima.

Karatasi au simu

Juzuu la jalada laini kwa kawaida ni kati ya dola 15 na 20 kwa bei ya jalada. Ukiagiza kutoka nje kuja Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, usafiri unaweza kukaribia bei ya kitabu, kwa hiyo agiza vitatu kwa mkupuo, au mtafute ndugu anayekuja likizo. Matoleo mojamoja, yale ya kurasa kama ishirini, waachie wakusanyaji. Kwa msomaji ni njia ghali ya kupata hadithi ileile.

Kwa kusoma kwenye skrini kuna Marvel Unlimited, huduma ya Marvel ya kusoma mtandaoni, ambayo ada yake ni kama dola 10 kwa mwezi, na vitabu vyote nilivyovitaja vya Marvel ni vya kutosha kuujaza mwezi huo. Hakikisha kwanza kadi yako inakubalika. Kindle nayo inauza juzuu mojamoja. Tumia tableti, usitumie simu: kurasa za giza za Maleev zinapotea kwenye skrini ndogo, na Brooks hupanua picha moja kwenye kurasa mbili, ukiikata nusu umeiharibu.

Mpangilio wangu kwa mwenye bajeti ya vitabu vitatu vya karatasi ni Lando, juzuu la kwanza la Doctor Aphra, na Han Solo ya 2016. Andika jina la mwandishi unapoagiza, maana vitabu vyenye jina la Han Solo au Lando ni vingi na wauzaji huvichanganya. Na ukiamua kuchukua Han Solo & Chewbacca, hakikisha juzuu la pili lipo dukani kabla hujalipia la kwanza.