Glavu ya kuoshea gari, na kijana wa Kariakoo aliyekata bei kwa meno

Nianze na meno. Kijana aliishika glavu yangu mpya, akaipeleka mdomoni kama anayemenya muwa, akang'ata kale kauzi ka plastiki kanakoshikilia karatasi ya bei, akakakata. Karatasi ikaingia mfukoni mwake, glavu ikaingia kwenye mfuko wangu. "Kumi na nane, mama." Mpaka leo sijui ile karatasi iliandikwa shilingi ngapi. Lakini ingekuwa ni bei tu nisingejisumbua kuandika. Nani kati yetu hajapigwa Kariakoo?

Wala hakuniamkia. Ni rika la mwanangu wa mwisho, nilimkuta ameegemea rafu na simu yake, nikamwambia nataka glavu ya kuoshea gari, ile yenye manyuzi manene kama zulia la bafuni. Akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu kana kwamba kuna mtu ninayekuja naye. "Mzee yupo wapi? Hizi zipo aina nyingi, bora aje achague mwenyewe." Nikamjibu kwamba gari ni langu, kadi ina jina langu, na mwoshaji ni mimi. Akacheka kidogo. Hakikuwa kicheko cha ubaya, na hicho ndicho kilichoniuma. Wiki kadhaa zimepita, ninaosha vyombo, nakisikia.

Sasa niwaeleze gari lenyewe ili mjue kwa nini nina uchungu. Ni Toyota IST nyeusi. Wenye gari jeusi hamna haja ya kuelezwa. Jeupe linasamehe, la rangi ya fedha linasamehe zaidi, jeusi linaweka kumbukumbu ya kila mkono uliowahi kuligusa. Nimelinunua kwa fedha za kikoba na za zamu za usiku wodini, na siku lilipotoka bandarini lilikuwa linang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Halafu nikalileta Kigamboni. Mchanga wetu ni mzuri kwa picha za harusi, lakini uingie kwenye sponji uone. Punje ya mchanga ni ngumu kuliko rangi ya gari lolote, na kwetu mchanga uko barabarani, uko kibarazani, uko hadi kwenye mkeka wa kulalia.

Kwa muda mrefu nililipeleka kwa vijana wa kuosha magari barabarani. Ndoo moja, sponji moja, sabuni ya unga. Sponji ikitoka kwenye tairi inapanda boneti. Ikidondoka chini inachovywa kwenye ndoo ile ile, inarudi kazini. Mimi nimekaa kwenye benchi nakunywa soda, nikiona povu jingi naridhika. Mpaka mchana mmoja nimeegesha hospitalini, jua la saa saba limepiga boneti, nikaona utando wa buibui. Mazunguko madogo madogo, maelfu, gari zima. Nilidhani ni vumbi. Nikapitisha kidole, hayakutoka.

Ndipo nikaanza kutafuta kitu cha kuoshea nyumbani kwa mkono wangu. Jirani mmoja, mtu mzima kabisa, alinishauri dodoki. Dodoki, jamani! Hata ngozi ya mtu linaichubua. Mwingine akasema brashi, na brashi niliikubali kwa rimu tu. Tatizo la sponji nililielewa nilipoitazama kwa karibu: uso wake ni bapa. Punje ikinaswa pale haina pa kwenda, inabaki kati ya sponji na rangi, na kila unapopeleka mkono unaisugua. Glavu ya maikrofaiba yenye nyuzi ndefu inafanya kinyume chake. Punje inazama katikati ya nyuzi, mbali na rangi, inatulia huko mpaka uisuuze. Zipo pia za manyoya ya kondoo, na wapo wanaoziapia, lakini kwa unyevu wetu wa pwani kitu cha manyoya kisipokauka vizuri kinanuka beberu aliyenyeshewa.

Basi, glavu. Shilingi 18,000, pamoja na kicheko.

Jumamosi niliamka kabla jua halijavuka mwembe. Sitaki mtu aje kuniambia nilikosea namna ya kuosha, kwa hiyo nitasema nilivyofanya. Gari kivulini, boneti imepoa, maana kwenye bati la moto shampuu inakauka kabla hujaisuuza. Maji kwanza, mengi, bila kugusa kitu, mchanga ushuke wenyewe. Ndoo mbili: moja ya shampuu, ya pili ya maji matupu ya kusuuzia glavu kila baada ya kipande. Shampuu ya gari, si sabuni ya vyombo, kwa sababu sabuni ya vyombo imetengenezwa kuondoa mafuta, na nta uliyopaka inaondoka nayo. Nikaanza paa, vioo, boneti, milango, sehemu za chini mwisho. Rimu zilikuwa na brashi yake na tambara lake. Mkono ulikwenda kwa mistari iliyonyooka, mbele kwenda nyuma, hakuna kuzungusha.

Na glavu ilikuwa tamu, lazima niseme. Inabeba maji mengi, inateleza kama mkono uko ndani ya uji. Nilikuwa naimba. Nilishapanga kabisa maneno ya kuisifu.

Nikakausha haraka kwa taulo, kwa kuwa maji yetu ya kisima yana chumvi na yakijikaukia yanaacha madoa meupe kama mba. Ile taulo inapita kwenye boneti, nikaona mstari. Umenyooka, urefu wa kiganja. Pembeni yake mwingine. Na karibu na taa, watatu wamejipanga kama wanasubiri pantoni.

Nilikaa chini kwenye saruji. Nikaivaa ile glavu, nikapitisha vidole vya mkono wa pili kwenye nyuzi, taratibu, kama unavyotafuta mwiba kwenye changu kabla hujampa mtoto. Na mwiba ulikuwepo. Kipande cha plastiki, urefu wa punje ya mchele, kimejificha chini ya nyuzi usawa wa kidole cha kati, ncha yake imechongoka pale jino lilipopita.

Sikuchukua gari. Nilivuka kwa pantoni kwa miguu, glavu mbichi ndani ya mfuko mbadala inanidondokea kwenye viatu, nikadandia daladala mpaka Kariakoo. Njia nzima natunga hotuba.

Kijana alikuwa pale pale, ameegemea rafu ile ile. Nikamwonyesha. "Mama, glavu ikishalowa haina marejesho." Nikamwambia sitaki marejesho, nataka uone ulichofanya kwa meno yako. "Hiyo ungekagua kabla ya kutumia." Nikagueje kitu ulichokificha wewe? Na hapo, naapa, akasema tena: "Mwambie mzee aje tuongee naye."

Mimi ni muuguzi. Nimewachoma sindano wanaume wa kilo 100 wakalia, nikawabembeleza. Siku ile sikumbembeleza mtu. Watu wa maduka matatu waligeuka. Mengine niliyoyasema sitayarudia hapa, wanangu wanaweza kusoma.

Nilipotoka, kijana mwingine alinifuata, mdogo zaidi, anauza vifuniko vya usukani duka la pili. "Shikamoo, mama." Hilo tu lilinishusha pumzi nusu. Akaomba aione glavu. Akaikunjua pindo karibu na kifundo cha mkono, akasema zile huwa na viuzi viwili, kimoja cha bei na kimoja cha jina la kampuni. Na kweli, cha pili kilikuwepo, mimi sikukiona. Akatoa sidii kuukuu, akaniambia nisugue upande unaong'aa kwa ile sehemu ya pindo. Nikasugua. Mstari. Akakitoa kile kiuzi kwa mkasi mdogo wa kucha, akasugua sehemu ile ile mara kumi kwa nguvu. Hakuna kitu. Sidii safi. Kila kitambaa kipya kijaribu hivi kwanza, mama, ndivyo alivyoniambia, taulo hata glavu, kwa kuwa uso wa sidii unachubuka upesi na unaonyesha upesi. Nilimpa 2,000, akakataa, nikaiweka mezani kwake. Nilinunua na kifuniko cha usukani nisichokihitaji.

Kwa hiyo glavu haina kosa? Ngoja.

Nilipeleka gari kwa fundi rangi wa huku kwetu, nikitegemea atanilaumia ile glavu kwa niaba yangu. Akawasha tochi ya simu, akaipitisha juu ya boneti kimya kimya, kama daktari anayejua jibu na hataki kulitoa. "Hii mistari iliyonyooka ni ya juzi. Haya mazunguko yote ni ya miaka." Akapitisha ukucha. Kwenye mistari mitatu ukucha ulipita bila kukwama, akasema hiyo itatoka kwa polishi. Kwenye miwili ukucha ulishika kidogo. Hiyo imezama. Akanieleza kwamba kinachong'aa si rangi yenyewe, ni ile klia, tabaka linaloona ndani lililo juu yake, na mara nyingi unene wake ni kama mikroni 40 hadi 50, wakati unywele wa mtu ni kama 70. Yaani tunalindwa na kitu chembamba kuliko unywele, na kila ukipiga polishi unakipunguza. Kwa hiyo si jambo la kufanya kila mwezi kwa sababu umekasirika.

Nilimwuliza mara mbili kama glavu haijachangia yale mazunguko. Akasema glavu imevaliwa siku moja, na mimi mwenyewe nimesema niliosha kwa mistari iliyonyooka. Mazunguko yanatoka kwa anayezungusha. Mistari mitano dhidi ya maelfu. Maelfu yale niliyalipia mwenyewe kila wiki, nimekaa kwenye benchi na soda yangu.

Na kwa kuwa nimeanza kusema kweli, nimalizie: siku ile glavu iliniponyoka mara moja ikagusa chini. Niliisuuza. Nadhani niliisuuza. Karibu nina uhakika.

Kwenye maoni haya nilikuwa nimeshaipa glavu nyota moja. Nikafuta, nikaweka tatu. Nikaosha tena Jumamosi iliyofuata, gari likatoka bila mstari mpya hata mmoja, nikatazama kwa tochi paneli kwa paneli, nikapandisha hadi nne. Usiku nikakumbuka "mwambie mzee aje tuongee naye", nikaondoa moja. Mume wangu akauliza ninaandika nini muda wote huo. Hajui kuosha gari, hajawahi kuosha, na akitumwa Kariakoo kuchagua glavu atarudi na sponji ya vyombo.

Basi nairudisha ile moja, acha nne zikae, lakini ni za glavu, si za duka. Duka halina nyota kwangu. Anayenunua aina hii aiombe kabla muuzaji hajaigusa, akate viuzi vyote viwili kwa mkasi, na avitoe vyote pamoja na kile kichwa kinachobaki ndani. Aifue peke yake, bila kilainisho cha nguo, kwa sababu kinazipaka nyuzi utando na hazishiki tena uchafu vizuri. Aianike kivulini. Mimi kabla ya kuosha naipitia yote kwa vidole, nyuzi kwa nyuzi, kama ninachambua mchele wa pilau ya Idi. Mtoto wa jirani aliniona akauliza kama glavu ina chawa.

Juzi nilivuka na gari kwa pantoni, foleni ndefu, vumbi la wiki nzima mgongoni mwa gari. Nilipofika ng'ambo nikakuta mtu ameniandikia kwa kidole kwenye mlango wa buti, herufi kubwa: NIOSHE. Nimeliosha leo asubuhi kwa glavu. Nimesuuza, nimekausha, nimelitoa juani. NIOSHE bado inasomeka.