Bandcamp kwa wasaka bendi chipukizi za Uingereza: kuna kitufe kimoja hapa kimeniteka

Oya wadau, karibuni tena, leo sina simu mpya wala spika, leo naichambua Bandcamp, na najua kuna mtu kidole kishaanza kuwasha anataka kuruka video, tulia kwanza nikuonyeshe kitu kimoja tu, kama hakijakushika nenda kwa amani sina kinyongo.

Bandcamp yenyewe wengi mnaijua, duka la muziki mtandaoni, lipo hewani tangu 2008, msanii anafungua ukurasa wake anapanga bei yake, wewe unasikiliza unanunua, basi. Apu ya Android ipo, ya iPhone ipo, MB ngapi mtajionea wenyewe. Swali langu mimi ni moja: niko Dar, bando langu ni la kuungaunga, nataka kusikia vijana wa Uingereza wanaotoa muziki wenyewe bila lebo kubwa, wale ambao redio za huku hazitakaa ziwapige hata siku moja. Nitawapata? Aisee nawapata mpaka nyumbani kwao.

Haya angalieni skrini. Hapa ni Discover, ukurasa wao wa kusaka muziki mpya. Juu kuna aina za muziki, nachagua alternative, ule wa magitaa usiofuata mkumbo wa redio. Sasa hapa pembeni, subiri niivute muone vizuri, kuna sehemu ya kuchagua mahali. Hii hapa! Watu wanaipita kila siku kama haipo. Nabonyeza, natafuta Leeds, mji uko kaskazini mwa Uingereza huko, nachagua. Sasa msikimbilie kusikiliza, angalia pale pa kupanga matokeo, ukiacha kwenye zinazouzwa sana utaletewa walewale wenye jina tayari, wewe weka mpya, zilizoingia karibuni. Naam. Inazunguka... inazunguka... hili bando jamani... imefunguka.

Angalia hao wa kwanza. Kava lenyewe picha imepigwa jikoni na simu, sufuria inaonekana kule nyuma, hawajali. Nabonyeza plei. Sikieni hilo gitaa, linakwaruza peke yake kwanza, halafu bezi inaingia taratibu, halafu dada haimbi, anaongea tu, sauti kavu kama mtu anasoma risiti ya supamaketi, na ghafla ngoma zinamwangukia wote wanapiga kelele. Nimeipenda hii! Waingereza wa siku hizi wana hii tabia ya kuongea juu ya muziki badala ya kuimba, kuna watu inawakera, mimi naona ndo utamu wenyewe. Sasa shuka chini, mnaona hivi vipicha vidogo? Hao ni watu walionunua. Hawa wana wanne. Wanne dunia nzima! Ukinunua na wewe unakuwa wa tano na picha yako inakaa hapo, na kuna sehemu unaweza kumwandikia msanii ujumbe wakati wa kulipa. Hebu fikiria kijana wa Leeds anaamka asubuhi anakuta mtu wa Mbagala kanunua nyimbo zake, atamwambia kila mtu.

Kwa nini nakazania mji? Kwa sababu bendi za kule zinalelewa na mji. Leeds wana ukumbi unaitwa Brudenell Social Club, klabu ya wanachama ya zamani kabisa, watu wanakunywa bia chumba hiki, chumba kile bendi inapiga, na bendi nyingi za pale zimepitia humo. Bendi ya Yard Act ni ya Leeds, singo zao za mwanzo walizitoa kwa lebo yao wenyewe, halafu albamu ya kwanza Januari 2022 ikafika namba 2 kwenye chati ya Uingereza. Bendi ya English Teacher nayo ya Leeds, 2024 wakabeba Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka kule, na walikuwa washindi wa kwanza kutoka nje ya London ndani ya miaka kumi. Kumi! Hapo ndo ujue London inavyomeza kila kitu, na ndo maana ukiiachia mashine ikuchagulie utaletewa London mpaka uchoke. Bristol nako kuna bendi ya IDLES, albamu ya kwanza 2017 wameitoa wenyewe, leo wanajaza kumbi kubwa. Hawa niliowataja si chipukizi tena, nawataja mjue hao wenye watu wanne kwenye ukurasa wanaweza kufika wapi.

Angalizo dogo, mji msanii anajiandikia mwenyewe, kwa hiyo wa kijiji cha jirani naye anaandika Leeds ili aonekane. Tunawajua hao, hata huku mtu wa Kibaha anajiita wa Dar.

Twende London basi msije mkasema naichukia. Badili aina weka jazz, badili mahali. Hapa mpenzi wa Fela Kuti, yule wa Afrobeat ya Nigeria, hutoki leo. Kizazi hiki cha jazz ya London wengi wao ni watoto wa wahamiaji wa Afrika na Karibiani, na wengi wamepita mikononi mwa Tomorrow's Warriors, mpango wa kufundisha vijana muziki ulioanzishwa 1991 na Gary Crosby na Janine Irons. Bendi ya Ezra Collective walikutana humo, albamu ya kwanza 2019 wakaitoa wenyewe, 2023 wakawa watu wa kwanza wa jazz kushinda Mercury. Halafu bendi ya Kokoroko, wanaongozwa na dada mpiga tarumbeta Sheila Maurice-Grey, zile tarumbeta ukizisikia utadhani uko Lagos usiku. Wewe anza na hao, halafu angalia walionunua hao wananunua nini kingine, unabonyeza picha ya mtu unaona mkusanyiko wake wote, na hapo ndo utakutana na wadogo wasiojulikana. Mimi hapo hulala saa nane usiku.

Na kuna moja imenigusa kwa sababu ni ya kwetu kabisa, Nihiloxica, wapiga ngoma wa Kampala wamekutana na maprodyuza wawili wa Uingereza, kazi yao ya kwanza ikatoka 2017 kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya hapohapo Kampala. Ngoma za Buganda halafu sinthesaiza nzito juu yake, weka hedifoni tafadhali usisikilizie spika ya simu utaikosea heshima. Albamu yao ya 2023 inapiga kelele kuhusu mambo ya viza za Uingereza, na ukishawahi kujaza zile fomu utacheza huku umenuna.

Sasa hela, maana najua komenti zitajaa hela. Albamu ya kawaida utakuta pauni 7, pauni 8, hiyo ni elfu ishirini na kitu ya kwetu. Si ndogo, sitawadanganya. Ila nyingi bei unajaza wewe, kuna kisanduku kimeandikwa weka bei yako, ukiona kinaruhusu sifuri weka sifuri, unadaunlodi, hakuna atakayekufokea. Bandcamp anakata asilimia 15 kwenye muziki wa kudaunlodi na 10 kwenye vitu kama tisheti na sahani za santuri. Kuna ile Ijumaa ya Bandcamp, walianza Machi 2020 wakati wa korona, siku hiyo hawakati chao, na wao wenyewe wanasema kwa wastani asilimia 93 inamfikia msanii. Linganisha na Spotify, tangu 2024 wimbo usiposikilizwa mara 1,000 kwa mwaka haulipwi hata senti. Bendi yenye mashabiki wanne itafikisha 1,000 saa ngapi?

Kulipa ni kadi au PayPal. Wa Kenya mna ile GlobalPay ya M-Pesa, kadi ya mtandaoni ya kulipia nje, mko vizuri. Mimi kadi ya benki fulani, jina naliacha, iligoma kimya kimya bila hata meseji, nikahamia kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, ikapita.

Yanayonikera sasa. Sahani za santuri msiziguse kama mko huku, nauli ya kutoka Uingereza mara nyingi inaizidi sahani yenyewe, bado hujafika kwa watu wa forodha. Halafu ukirudia wimbo mara kadhaa bila kununua kinakuja kidirisha kinakwambia moyo wako umependa, fungua pochi. Naelewa, wanatafuta riziki, lakini mara ya tatu?? Ndo kwanza naanza kuuzoea wimbo! Na kampuni yenyewe imeuzwa uzwa, 2022 ikaenda Epic Games, kampuni ya magemu, hata miaka miwili haijaisha ikaenda Songtradr, kampuni ya leseni za muziki, na karibu nusu ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Nilitaka kuipa tisa kwa kumi, hilo limeniondolea moja, nimekaa kwenye nane. Kwa hiyo ukinunua kitu daunlodi palepale, chagua FLAC, faili kubwa lenye sauti kamili, kama memori ipo, MP3 kama imejaa meme za wajomba wa WhatsApp, faili likae kwako.

Mtaniuliza BBC Introducing je, ule mpango wa BBC wa kuinua wasanii chipukizi? Ipo tangu 2007, kijana anapandisha wimbo wake, watangazaji wa redio za mikoani wanasikiliza, wakiupenda unapanda mpaka Radio 1, redio yao ya vijana ya nchi nzima, au jukwaa la tamasha la Glastonbury. Mpango mzuri na umetoa watu wakubwa. Lakini pale anayechagua ni mtangazaji, mimi leo nataka kuchagua mwenyewe, na apu yao ya BBC Sounds walishaifunga 2025 kwa sisi tulio nje. Kama uko Leicester au Reading huko uifungue kwa niaba yetu.

Habari za chaneli, kundi la Telegram limefunguka, linki iko chini, na Ijumaa ijayo ya Bandcamp tunaingia laivu, kila mtu anachagua mji wake. Glasgow nishauchukua mimi, msijisumbue. Cardiff bado, Belfast bado, Hull bado, andika komenti mji wako na aina ya muziki, ukichagua Manchester jua kuna foleni. Wiki ijayo ni zile hedifoni za elfu thelathini za Kariakoo, watu mmenisumbua mno, nishazinunua, ya kushoto ishaanza kukoroma.