Bodi ya amplifaya ya TPA3116D2 kwenye betri ya sola: uzoefu wangu, Tabora

Bodi hii ya kukuza sauti, yenye chipu ya TPA3116D2, inatosha kiganjani na huuzwa ikiwa imeandikwa "2×50W". Si uongo, ila kuna sharti: volti 21 na spika za omu 4. Ukiifunga kwenye betri ya sola ya volti 12, kama wengi tunavyofanya hapa Tabora, zidisha volti kwa volti, kisha gawanya kwa omu za spika zilizozidishwa kwa mbili. Kwa spika za omu 4, 144 gawanya kwa 8 ni wati 18 kila upande, na hapo ndipo mwisho. Spika za omu 8 zitapata 9 tu. Chumba cha kutengenezea midundo kinashiba. Sherehe ya uani Ng'ambo, chini ya mwembe, haitasikia kitu.

Naitumia na laptopu yenye LMMS, programu ya kutengenezea muziki, na spika mbili za inchi 6, omu 4, kwenye maboksi ya mninga. Mninga hautetemi ovyo kama plaiwudi nyembamba, ingawa seremala atakutazama kwa huruma ukimwambia mbao ni za spika.

Kasoro ya kwanza niliyoiona haikuwa ya bodi, ilikuwa ya waya. Singeli hupita midundo 200 kwa dakika, na kila besi inapogonga, bodi inavuta umeme mwingi kwa ghafla. Waya wa milimita 0.5 za mraba, betri ikiwa mita 3 kutoka mezani, unapoteza kama volti 1 kwa ampea 5. Besi inalegea na sauti inakwaruza. Waya wa 2.5 unapoteza volti 0.2. Kuongeza kapasita kubwa (kikopo kinachohifadhi umeme kidogo kwenye bodi), ushauri wa mafundi wengi, kunasaidia kidogo sana kwenye besi. Badili waya kwanza, na weka fyuzi ya ampea 7.5 karibu na betri, si karibu na bodi.

Ukiilisha bodi kwa chaja ya laptopu ya volti 19, ampea 3.42, badala ya betri, inachangamka zaidi. Ukipandisha besi mno, chaja hujizima na kuwaka tena. Hiyo ni chaja kuishiwa, bodi haijaungua.

Mwenye mfumo wa sola wa volti 24 asiiguse kabisa. Betri zikichajiwa saa sita mchana hupanda hadi volti 28 na ushee. Chipu mwisho wake wa kazi ni 26, na kapasita za bodi nyingi za bei rahisi zimeandikwa 25V. Zinavimba kichwa, kisha zinapasuka.

Kingine kinachowaponza watu: hasi za spika mbili haziunganishwi. Kwenye chipu hii pande zote mbili za spika zina umeme, hakuna iliyo "ardhi". Ukitumia nyaya tatu za redio ya zamani, zenye hasi moja ya pamoja, bodi inanyamaza. Tenganisha nyaya, zima, washa upya.

Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza mausi unatokana na laptopu na bodi kula betri moja. Chomoa chaja ya laptopu, mlio utakatika. Kama lazima ichajiwe, pitisha sauti kwenye transfoma ndogo ya sauti ya 1:1, moja kila upande.

Dukani, angalia hitsinki, kile chuma cha kupoza chipu. TPA3116 hutoa joto kwa juu, kwa hiyo hitsinki lazima ikae juu ya chipu bila kucheza. Ikicheza, ing'oe, paka grisi ya joto, irudishe. Wapo wanaouza TPA3118 kwa jina hilohilo. Hiyo joto lake hushuka chini kwenye bodi yenyewe, na hitsinki iliyobandikwa juu ni pambo tu.

Kizungushio cha sauti ni dhaifu: sauti ikiwa chini, upande mmoja unazidi mwingine. Mimi nakiacha katikati, napunguzia kwenye laptopu.

Na redio ya masafa ya kati isikae meza moja nayo. Chipu huwaka na kuzima kuanzia mara 400,000 kwa sekunde, mawimbi hayo yanaangukia kwenye stesheni, na mzee aliye chumba cha pili atakosa taarifa ya habari.