LST-325 pale Evansville: sura mbaya, ila kazi yake aisee

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asome aende zake. Kama unaishi Louisville, Indianapolis, Nashville au popote huku karibu na mto Ohio, nenda kaione LST-325 pale Evansville, Indiana, meli ya Vita vya Pili vya Dunia ya kushusha vifaru ufukweni (LST ni Landing Ship, Tank). Nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoikata ntaeleza huko chini.

Kwanza usitegemee manowari ya kwenye sinema. Hili ni sanduku la chuma urefu kama mita 100, upana 15, omo, yani pua yake, ni butu na chini ni bapa kabisa, yani ukiliona toka barabarani utadhani mtu kaanza kuunda meli hela ikamuishia. Spidi yake ikikaza sana ni noti 12 hivi, kama kilomita 22 kwa saa, baiskeli ya mwenye haraka inaipita. Injini ni mbili za dizeli za General Motors, familia ileile ya injini walizofunga kwenye vichwa vya treni. Mabaharia wenyewe wakati wa vita walikuwa wanaitania kwamba ni shabaha kubwa inayokwenda polepole, na hawakuwa wanadanganya.

Sasa ubaya wote huo una sababu, na ndo kitu kilichonifurahisha kuliko vyote. Meli ya kuvuka Atlantiki inataka izame kidogo kwenye maji ili itulie, meli ya kupanda ufukweni inataka ielee juujuu isigonge chini mapema, sasa utafanyaje uwe na zote mbili? Mhandisi wa jeshi la majini la Marekani, John Niedermair, mwezi Novemba 1941 alichora jibu ndani ya masaa machache tu: weka matangi makubwa tumboni, ukiwa safarini jaza maji ya bahari meli ishuke, ukikaribia ufukwe yapampu yatoke meli ipande juu. Wazo la nyambizi hilo, kapewa mbeba mizigo. Ikishajiandaa kupanda, mbele inazama kama mita 1.2 tu na nyuma mita 3, kwa hiyo tumbo lake linafuata mteremko wa mchanga. Kabla ya kugusa chini wanaangusha nanga kubwa ya nyuma, huko tezi, waya unaachiwa meli ikisonga mbele, kazi ikiisha winchi inavuta waya meli inarudi yenyewe majini. Mtu wa Tanga au Pangani hili haliwezi kumshangaza sana, si tumeona majahazi yanangoja maji kupwa yanakaa mchangani yanashusha boriti afu yanangoja maji kujaa yaondoke, tofauti ni kwamba hapa wanaoshuka ni vifaru vya Sherman kama 20 na kuna watu wanakupiga risasi.

Kuna picha maarufu ya meli hii hii, LST-325, imepwelewa Normandy, Ufaransa, tarehe 12 Juni 1944, imekaa kavu kabisa, magari yanatoka mdomoni kama hakuna bahari. Iitafute kabla hujaenda, ukishasimama mbele ya ile milango miwili inayofunguka pembeni utaielewa vizuri zaidi. Nyuma ya milango kuna daraja la chuma linaloshuka, magari yanapita juu yake.

Ukumbi wa vifaru ndo roho ya meli. Ni mrefu, wa chuma kitupu, sauti inarudi ukiongea. Hapa kulikuwa na tatizo ambalo mimi sikuwahi kulifikiria, kwamba vifaru 20 vikiwashwa pamoja ndani ya chumba kilichofungwa, moshi utaua watu kabla ya adui hajafanya chochote. Kwa hiyo wakajenga jengo zima pale Fort Knox, Kentucky, mfano wa ukumbi huu, kwa ajili tu ya kujaribu mafeni ya kutoa moshi, na jengo lenyewe bado lipo. Tuliopo Louisville hiyo ni hapo kusini tu na wengi hatuna habari.

Na tukiwa bado Louisville: ng'ambo ya mto, Jeffersonville, ziliundwa LST 123. Evansville wakaunda 167. Meli za baharini zinaundwa katikati ya mashamba ya mahindi bana! Iliwezekana kwa sababu ya lile tumbo bapa, zilikuwa zinaelea mtoni Ohio, zinaingia Mississippi, mpaka New Orleans, ndo zinaonja chumvi. Marekani nzima iliunda zaidi ya 1,000. Hii 325 lakini haikuundwa hapo, ilitoka kiwanda cha jeshi Philadelphia, ikashushwa majini Oktoba 1942, watu wa Evansville wameichukua tu kama mtoto wa kulea maana wale 167 wao hawakubaki nao.

Waingereza ndo walianza kulilia meli ya namna hii, baada ya kukimbia Dunkirk, Ufaransa, 1940 wakaacha zana zote ufukweni. Walijaribu kwanza kwa kukata omo za meli za mafuta za ziwa Maracaibo, Venezuela, na moja yao, Bachaquero, ilitumika Mei 1942 walipovamia Diego Suarez, Madagaska. Jirani zetu kabisa hapo. Miezi michache baadaye askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) toka Afrika Mashariki nao wakapelekwa kisiwa hichohicho, kwa hiyo mwenye babu aliyepigana Madagaska asijione mgeni kwenye habari hizi.

Turudi kwa 325, utumishi wake umenyooka. Sicily Julai 1943, Salerno, kisha Omaha, ufukwe wa Normandy, tarehe 7 Juni 1944, siku moja baada ya uvamizi kuanza, afu ikawa kazi ya kwenda na kurudi tu kati ya Uingereza na Ufaransa zaidi ya mara 40, vifaru vinakwenda majeruhi wanarudi. Tarehe 28 Desemba 1944 ikaokoa watu kama 700 wa meli ya Empire Javelin iliyokuwa inazama. 1964 Wagiriki wakapewa, wakaiita Syros, wakaitumia mpaka 1999. Mwaka 2000 wazee waliowahi kutumikia meli za aina hii, wastani wa umri miaka 72, wakaenda Krete wakaifufua wakaiendesha wenyewe mpaka Mobile, Alabama, wakafika Januari 2001. Atlantiki, wakati wa baridi, ndani ya kitu chenye chini bapa kinachoyumba na kwenda mrama hata kwenye mawimbi madogo! Mimi baba yangu mwenye umri huo nikimwambia tupande boti ya Zanzibar anauliza hali ya hewa mara tatu.

Haya, nyota iliyokatwa. Ngazi za ndani ni wima mno na nyembamba, mama mwenye magoti mabovu au mtu wa kiti cha magurudumu sehemu kubwa ya meli hataiona, na hiyo siyo kosa la wanaoitunza, ndo ilivyochorwa. Vitanda vya askari vimepangwa juu ya juu pembeni mwa ule ukumbi, mtu mrefu anageuka kwa mahesabu. Kiangazi chuma kinachemka, nenda asubuhi.

Utatembezwa na watu wa kujitolea, uliza maswali maana wanapenda kuulizwa, hasa ukifika chumba cha injini. Vaa raba, ndala hapana. Evansville iko nyuma ya Louisville kwa saa moja, usije ukafika mapema ukaanza kulalamika. Na angalia ratiba yao kabla hujawasha gari, kwa sababu meli bado inatembea kwa injini zake na mara nyingi mwisho wa kiangazi inaondoka kwenda kutembelea miji mingine ya mtoni, utakuta gati tupu.