Uzoefu wangu: Linux Mint kwenye laptopu ya ex-UK, na msaada wa bure mtandaoni

Tangu Microsoft ikome kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi za ex-UK (zilizotumika Uingereza) zinazouzwa hapa Nairobi zimebaki njia panda. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa mashine za kabla ya hapo naipendekeza Linux Mint 22, mfumo endeshi wa bure, bila kusita. RAM ya GB 4 inatosha, ila kwa kiasi hicho chagua toleo la Xfce, ni jepesi kuliko Cinnamon. Masasisho yataendelea hadi 2029.

Kuiweka si kazi kubwa. Faili ina karibu GB 3, kwa hivyo ipakue penye Wi-Fi, usimalize bando. Iandike kwenye fleshi ya GB 8 kwa programu ya Rufus, kisha washa mashine ukibonyeza F12 kwa Dell na ThinkPad, au F9 kwa HP. Kabla ya kugusa diski, ijaribu ikiwa bado kwenye fleshi: Wi-Fi, sauti, kamera. Na kama betri imechoka, kama zilivyo nyingi za ex-UK, usianze siku ambayo stima inapotea-potea.

Wengi hukwama kwenye Wi-Fi, na hapo ndipo msaada wa mtandaoni, yaani majukwaa ya watumiaji wa Mint, hupimwa. Ukiandika tu "Wi-Fi haishiki, nisaidieni" utaulizwa maswali kumi, maana laptopu mbili za modeli moja zinaweza kuwa na kadi za Wi-Fi tofauti kabisa. Fungua terminali (dirisha la kuandika amri), andika inxi -Fxz, nakili matokeo yote uyabandike kama yalivyo. Usipige picha ya skrini. Hiyo z inaficha anwani za mtandao na namba tambulishi za mashine, kwa hivyo usiiache. Ongeza na lspci -nn: kadi ya mtandao yenye namba inayoanza na 8086 ni ya Intel, na hizo kwa kawaida hazisumbui, 14e4 ni Broadcom, na nyingi zinahitaji draiva (programu inayoiendesha kadi) ya ziada.

Draiva hiyo utaipata wapi bila intaneti? Chomeka simu kwa waya, washa "USB tethering", na Mint itaiona kama mtandao wa waya. Kisha fungua Driver Manager. Angalia hapa vizuri: draiva ya Broadcom hujengwa ndani ya mashine yako, na Secure Boot, ulinzi unaokagua programu mashine inapowaka, ikiwa imewashwa huikataa mpaka usajili ufunguo wake. Utaombwa kuweka nywila, na mashine ikiwaka tena itatokea skrini ya bluu inayosubiri sekunde chache tu. Bonyeza kitufe chochote, chagua "Enroll MOK", weka nywila ileile. Ukiipita skrini hiyo, draiva itaonekana imewekwa na Wi-Fi bado itakuwa kimya. Ama zima Secure Boot kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine.

Wanaojibu ni watu wa kujitolea, na uvumilivu wao naupa alama za juu. Kasoro iko kwenye majibu ya zamani ambayo Google huyaleta mbele. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 (Linux nyingine), kwa hivyo hazina ya programu iliyolengwa kwa toleo la zamani la 18.04 inaweza kukwamisha masasisho yote. Tazama tarehe ya jibu, na amri yoyote yenye sudo (inayotumia mamlaka ya msimamizi wa mashine) usiyoielewa, uliza inafanya nini kabla ya kuiendesha. Timeshift imo ndani ya Mint tayari: hifadhi hali ya mfumo kwanza, ndipo ujaribu.

Kuhusu muda, uliza mwendo wa saa mbili usiku. Ulaya bado wako macho na Marekani ni mchana, kwa hivyo majibu huja haraka. Baki hapo, kwa sababu jibu la kwanza huwa ni swali. Tatizo likiisha, andika ni hatua gani hasa iliyolitatua, pamoja na namba ya kadi, ili mwenye mashine kama yako aipate akitafuta.